Usaili Huanza Nyumbani



Nina deni, nami nataka kulilipa kwa kuwaandikia habari hii.

Miaka michache iliyopita nilisimama nje ya lango la ofisi moja, nikimngoja binti wa kijiji chetu katika wilaya ya Ikungi. Binti huyu alikuwa amehitimu mafunzo ya ualimu wa shule ya msingi, lakini kazi hakuwa nayo. Mchana alimsaidia mama yake katika shamba la alizeti, na jioni aliwafundisha watoto wa jirani kusoma, pasipo malipo. Siku ile alikuwa ameitwa kwenye usaili, yaani kuulizwa maswali na wakubwa wapate kuona kama afaa kwa kazi. Baba yake aliuza kuku wanane ili apate nauli. Nilidhani nitamngoja hata adhuhuri. Kumbe haikupita nusu saa, nikamwona anarudi, bahasha yake ameikumbatia kifuani, machozi yakimtoka. Hakuulizwa hata swali moja. Alirudishwa mlangoni kwa ajili ya herufi mbili.

Jina la babu yake lilikuwa limeandikwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, na namna nyingine katika cheti cha kidato cha nne. Nitatoa mfano usio jina lake: ni kama cheti kimoja kingesema Mughenyi, na cha pili kikasema Mgenyi. Kwetu sisi ni jina moja, na mtu ni mmoja. Lakini mbele ya mlango wa usaili hao ni watu wawili, na aliyesimama pale hawezi kuwa wote wawili.

Na mtu aliyeliandika jina lile mara ya kwanza nilikuwa mimi. Nilipokuwa kijana, msaidizi wa katekista, niliandika majina ya watoto katika kitabu cha ubatizo, nami niliyaandika kama nilivyoyasikia kwa Kinyaturu. Baba yake alipokwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa alichukua cheti cha ubatizo kuwa ushahidi, na jina likafuata mkono wangu. Lakini mwalimu aliyempokea darasa la kwanza alikuwa mgeni wa mkoa mwingine, akaandika kama masikio yake yalivyosikia. Shule ikapeleka jina hilo kwa Baraza la Mitihani, na Baraza likaliandika vile vile. Kwa miaka mingi hakuna aliyeziweka karatasi hizo mbili pamoja juu ya meza moja. Zilikutana mara ya kwanza siku ile, mikononi mwa mtu asiyemjua babu yake.

Basi ndiyo maana nasema kwamba usaili huanza nyumbani. Wengi wetu twadhani ni kazi ya asubuhi moja: kijana atavaa vizuri, atajibu maswali, atapata au atakosa. Sivyo. Siku ile huuliza yaliyofanywa kwa miaka ishirini na baba, na mama, na mwalimu, na mwandishi wa majina kama mimi.

Yafaa kwanza tujue mambo yalivyo siku hizi. Zamani mwalimu alipomaliza chuo alipangiwa shule pasipo kusailiwa. Njia hiyo ilibadilika. Mwaka 2024 nafasi za walimu wa Serikali zilitangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Usaili wa walimu ukaanza mwezi wa Januari 2025, ukafanywa mikoani. Nafasi zilikuwa 14,648, na walioitwa walikuwa zaidi ya 200,000, maana yake karibu watu kumi na wanne kwa nafasi moja. Katika mwaka huo huo wa 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, na waombaji wakazidi 135,000, yaani zaidi ya themanini kwa kila nafasi. Sisemi hivi ili kuwavunja moyo vijana. Nasema ili wajue kwamba katika umati mkubwa namna hii anayehesabu hana nafasi ya kumhurumia mtu ambaye karatasi zake zapingana.

Haya, tuanze na hizo karatasi.

Maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao, katika mfumo uitwao Ajira Portal, na mwombaji hutakiwa awe na namba ya utambulisho wa taifa itolewayo na NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zisome, kisha usome cheti cha kuzaliwa, uone kama zapatana. Tena angalia anwani ya makazi uliyoiandika katika mfumo. Usaili wa walimu ulipopelekwa mikoani, waombaji walitakiwa kusahihisha anwani zao, ili kila mmoja apangiwe mkoa anaoishi. Kijana aliyejiandikisha alipokuwa Dar es Salaam, naye sasa yuko kwa wazazi wake Ilongero au Kiomboi, asipoisahihisha atajisababishia safari ndefu.

Siku ya usaili huja na vyeti halisi, si nakala: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na cha sita kwa aliyefika huko, na cheti cha chuo. Karatasi ya matokeo ya muda haikubaliwi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi yampasa vyeti vyake vihakikiwe kwanza na mamlaka za hapa zinazohusika. Aje pia na kitambulisho, kama cha taifa, au cha mpiga kura, au leseni ya udereva, au hati ya kusafiria. Asiye nacho hupata barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Na kila mtu hujigharimia nauli, chakula na malazi.

Ama kwa habari ya majina, dawa yake ipo, ila yataka muda. Ambaye majina yake yatofautiana katika hati zake hutakiwa kuleta hati ya kiapo ya kubadili majina, iliyotengenezwa kwa njia ya sheria. Jambo hili haliwezekani kwa usiku mmoja. Aliyeitwa Ijumaa ili asailiwe Jumatatu amekwisha kuchelewa. Basi msingoje kuitwa. Jumapili hii, baada ya chakula, baba na mama watoe karatasi zote za mtoto katika sanduku, wazitandaze juu ya meza au mkeka, wazisome herufi kwa herufi. Kazi hiyo haizidi saa moja wala haina gharama.

Na ninyi wenye watoto wachanga, kwenu ni rahisi zaidi. Wakala wa usajili, yaani RITA, umeweka mpango wa kuwapa vyeti vya kuzaliwa watoto walio chini ya miaka mitano bila malipo, katika ofisi za kata na katika vituo vya afya. Mchukueni mtoto sasa. Kabla ya kwenda, kaeni mkubaliane jina litaandikwaje, mkaliandike katika kipande cha karatasi, na kipande hicho kitangulie kila mahali: kliniki, kanisani, shuleni. Sisi watu wa Singida tuna majina mengi kwa mtoto mmoja: la ukoo, la bibi aliyemlea, la siku aliyozaliwa, na la ubatizo. Ni mali nzuri, wala sisemi tuyaache. Nasema yaliyo katika hati yawe yale yale daima. Nanyi walimu wa darasa la kwanza, msiandike jina kwa sikio. Ombeni cheti, mkiandike kilivyo.

Tukisha kumaliza hati, tuje kwa mtu mwenyewe.

Usaili huwa na hatua. Kwanza ni mtihani wa kuandika, ambao hupunguza umati. Kwa kazi nyingine huja usaili wa vitendo, kama dereva kuendesha gari mbele ya wasaili. Mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana. Mtihani wa kuandika huuliza maarifa ya kazi yenyewe. Mwalimu aliyemaliza chuo miaka mitano iliyopita, tangu hapo asifungue daftari, asidhani yote yamebaki kichwani. Na arudie muhtasari wa somo lake, azimio la kazi, andalio la somo, namna ya kupima maendeleo ya watoto, na maadili ya mtumishi wa umma. Tena ajue yaliyobadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, yasema elimu ya lazima ni miaka 10, na elimu ya msingi ni miaka 6. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, hatua kwa hatua. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vyasomeka katika maktaba yake ya mtandao, na kijana mwenye simu anaweza kuvisoma hata akiwa Sepuka. Asiye na simu amwendee mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, aombe kukaa na kitabu saa moja kila jioni. Sijamwona mwalimu mkuu aliyekataa.

Nirudi kwa binti yetu. Baada ya siku ile ya machozi tulimpeleka kwa wakili, hati ya majina ikapatikana, na mimi nikachangia gharama yake kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nafasi za walimu zilipotangazwa aliomba. Ndipo mwalimu mkuu mstaafu wa kijiji chetu akasema, “Hati zimepona. Sasa tumsaili sisi kwanza, kabla hajasailiwa na wageni.”

Jioni moja tukaketi katika sebule ya baba yake: baba mtu, mwalimu mstaafu, na mimi, katika viti vitatu, na bibi yake juu ya kigoda pembeni. Binti akaitwa aingie kutoka nje, abishe hodi, aketi mbele yetu. Mwalimu akamwambia, “Jieleze.” Akainama. Akataja jina lake na kijiji chake kwa sauti ndogo, akanyamaza. Akaulizwa, “Umefanya kazi gani tangu umalize chuo?” Akajibu, “Sijafanya kazi, Mwalimu.” Bibi akamwuliza, “Mtoto asiyependa kusoma utamfanyaje?” Hapo akajibu vema kabisa, lakini macho yake yalikuwa chini, na maneno yote yaliishia miguuni pake. Bibi akasema, “Mjukuu wangu, niambie mimi, usiuambie mkeka.”

Tukacheka sote, lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwaza. Kwa maana kuinamisha macho mbele ya wakubwa ni adabu tuliyomfundisha sisi wenyewe. Mtoto wa kike aliyemtazama mzee usoni tulimwita hana malezi. Sasa anakwenda mahali ambapo mtu asiyeinua macho hudhaniwa kuwa hajui, au anaficha. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kuna vitu vingine haviko mvunguni. Yatupasa kuwaambia watoto wetu waziwazi: adabu ni moja, lakini desturi za mahali si moja. Kumtazama msaili unapomjibu, kwa uso mtulivu, si ujeuri. Msalimu kwa heshima, ngoja akuambie uketi, msikilize mpaka amalize, kisha mjibu yeye. Neno hili asilisikie mara ya kwanza siku ya usaili. Mzazi amzoeze nyumbani, amwambie, “Leo niangalie, unijibu.”

Tena tulisikitishwa na lile jibu lake kwamba hajafanya kazi. Mwalimu mstaafu akamwuliza, “Na wale watoto wa jioni?” Akasema, “Hao ni wa jirani tu, sikulipwa.” Mzee akamwambia, “Sikukuuliza mshahara, nimekuuliza kazi. Wako wangapi?” Akasema kumi na watatu. “Wangapi hawakujua herufi ulipoanza?” Tisa. “Na sasa?” Saba wasoma, wawili bado. “Ulitumia vifaa gani?” Vifuniko vya chupa za soda kwa kuhesabu, na mbegu za alizeti, na ubao wa mbao iliyopakwa masizi. Basi mzee akageuka kutuangalia, akasema, “Hili ndilo jibu, naye alikuwa amelificha.”

Nawaomba vijana walitie jambo hili moyoni. Wengi waliokaa nyumbani baada ya chuo hujiona kama waliopotewa na miaka. Lakini aliyetunza hesabu za kikundi cha akiba amefanya kazi ya uhasibu. Aliyewasimamia vibarua wa shamba la vitunguu amefanya kazi ya usimamizi. Aliyemwuguza bibi yake mwaka mzima amejifunza jambo ambalo mwenzake amelisoma tu. Lielezeni kwa hesabu na kwa mfano: mlifanya nini, kwa watu wangapi, kikatokea nini. Wala msiongeze. Binti yetu alisema saba wasoma na wawili bado, na wale wawili walifanya saba waaminike. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, na useme utalitafuta wapi. Mwongo huulizwa swali la pili.

Tulimsaili mara nne, jioni nne. Mara ya nne bibi alisema amechoka kumwuliza, maana sasa anajibu kuliko anavyoulizwa.

Kuna neno jingine gumu. Palipo na watu wengi na nafasi chache, fisi hawakosekani. Mzee mmoja, jirani yangu, alipigiwa simu na mtu aliyejiita mkubwa wa ofisi, akaambiwa jina la mwanawe litaingizwa katika orodha akituma fedha. Akauza ng'ombe wawili. Fedha zikaenda, simu ikazimwa, na mwana hakupata kitu. Jueni kwamba maombi ya kazi za umma hayauzwi. Tena kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, anayetoa ana hatia sawasawa na anayepokea. Mkipigiwa simu ya namna hiyo, mwaweza kuwaarifu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Na hata kama hila ingefaulu, fikirini ni mwalimu gani atakayesimama mbele ya watoto, naye ajua kwamba nafasi ile ilikuwa ya mwenziwe.

Sasa maneno machache ya siku yenyewe. Nauli iwekwe mapema, wakati wa mavuno ya alizeti, isije ikakopwa kwa riba usiku wa mwisho. Usaili ukiwa Dodoma, kama kazi nyingine zilivyo mara nyingi, kumbukeni kwamba kutoka Singida mjini ni yapata kilomita 240, kupitia Manyoni. Msisafiri alfajiri ya siku ile ile. Fikeni jana yake, mkalale kwa ndugu, mkaende kupaona mahali penyewe jioni. Nguo ziwe safi na zimepigwa pasi. Si lazima ziwe mpya. Viatu viwe vya kwako, maana viatu vya kuazima huuma, na mtu anayeumwa miguu hawezi kufikiri. Chukua kitambaa cha kufutia vumbi. Kunywa uji asubuhi. Simu izimwe kabla ya kuingia. Na vyeti vikae katika bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, visilowe.

Binti yetu alisailiwa hapa hapa Singida. Safari hii nilingoja nje ya lango hata adhuhuri, kama inavyostahili. Alifaulu mtihani wa kuandika, akaitwa kwa mahojiano. Alipotoka nilimwuliza walimwuliza nini. Akasema, “Waliniambia nijieleze, nikawaambia habari za wale kumi na watatu. Mmoja wao akaniuliza wale wawili wanakwamia wapi.” Akatabasamu, maana jambo hilo alilijua kuliko mtu yeyote duniani.

Nafasi hakuipata mara ile. Walio na alama nyingi zaidi walimtangulia, naye hakuona neno. Lakini aliyefaulu, nafasi zikiwa hazikutosha, jina lake hutunzwa katika kanzidata, ili akumbukwe nafasi ikipatikana. Miezi ilipita, akaitwa. Anafundisha sasa mkoa mwingine, mbali na kwetu, na watoto wa jioni wamepata mwalimu mpya, mdogo wake.

Nami nimefanya jambo moja. Ninapoandika jina katika kitabu, siandiki tena kwa sikio. Namwambia mama wa mtoto, “Nitajie herufi moja moja.” Asiyejua kusoma, nangoja mpaka cheti cha kliniki kiletwe. Hukawiza shughuli, na wengine hunung'unika. Lakini najua kwamba herufi nizandikazo leo zitasomwa mlangoni baada ya miaka ishirini, na mimi huenda sitakuwapo kueleza.

Ndugu yenu,
Katekista, Ikungi, Singida.